Kucha zikibadilika rangi, usitupe dawa: uliza kwanza

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Buhongwa, jijini Mwanza. Mwanawe ana miaka saba na ana ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita. Baada ya miaka ya kulazwa kwa maumivu ya mifupa na kuongezewa damu, daktari alimwanzishia mtoto dawa ya haidroksiurea. Miezi ikapita bila kulazwa. Siku moja, akimkata mtoto kucha, mama akaona mistari myeusi imetokea. Baada ya muda viganja navyo vikaonekana vyeusi kuliko kawaida.

Jirani akamwambia, "Mama, hiyo dawa inamuunguza mtoto kwa ndani." Bibi mzaa baba akapiga simu kutoka Sengerema akasema vivyo hivyo. Dawa ikawekwa juu ya kabati, na kliniki haikuambiwa.

Mwisho wa mfano huu wahudumu wa wodi za watoto wanaufahamu. Mtoto anarudi usiku akilia kwa maumivu, damu imepungua, na mama anaulizwa kama dawa imetumika. Anasema ndiyo, kwa sababu anaogopa kugombezwa. Daktari naye, akiamini dawa imeshindwa, anaanza kufikiria kuongeza kipimo cha dawa ambayo mtoto hajainywa kwa miezi miwili.

Mistari ile myeusi haikuwa na madhara. Haidroksiurea hufanya hivyo kwa baadhi ya watu: kucha huweka mistari au kuwa nyeusi, na ngozi ya viganja, nyayo au ulimi huweza kukolea rangi. Haimaanishi kwamba ini limeharibika, wala kwamba damu imeungua. Kinachopaswa kuangaliwa kwa mtoto anayetumia dawa hii ni wingi wa chembe za damu, na ndiyo maana kliniki humpima damu mara kwa mara. Hakuna jirani anayeweza kusoma kipimo hicho kwenye kucha.

Faida ya dawa yenyewe imeonekana hapa hapa Afrika. Utafiti uliofahamika kwa jina la REACH, uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, ulionesha kuwa watoto waliotumia haidroksiurea walipata maumivu machache, malaria kidogo, waliongezewa damu mara chache na vifo vilipungua. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando nayo imeshiriki utafiti wa dawa hii kwa watoto wenye selimundu walio katika hatari ya kupata kiharusi. Kwa Kanda ya Ziwa, ambako ugonjwa huu ni mwingi, kuitupa dawa kwa sababu ya rangi ya kucha ni hasara kubwa.

Hoja ya safu hii leo ni moja. Dawa nyingi huacha alama kwenye ngozi, nywele na kucha. Nyingi ya alama hizo ni za kuvumilia, chache ni za dharura, na mgonjwa hawezi kuzitofautisha ikiwa hakuna aliyemweleza. Tunalipa gharama pande zote mbili: tunaacha dawa zinazotuokoa kwa sababu ya alama isiyo na madhara, na tunaendelea kumeza au kupaka vitu vinavyotudhuru kwa sababu vinatupendezesha.

Alama za kuvumilia

Haidroksiurea haiko peke yake. Zidovudini, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, nayo hufanya kucha za baadhi ya watu kuwa nyeusi au za bluu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hugeuza mkojo, machozi na hata jasho kuwa na rangi ya chungwa au nyekundu. Mgonjwa asiyeambiwa hudhani anakojoa damu. Aliyeambiwa siku ya kwanza huona rangi hiyo na kuendelea na siku yake.

Kwa wazazi wanaouguza watoto wenye saratani, jambo linalotisha zaidi ni nywele. Saratani ya Burkitt, inayovimbisha taya au tumbo la mtoto, ni ya ukanda huu wa Afrika wenye malaria nyingi, na wodi za Kanda ya Ziwa zinaifahamu. Hutibiwa kwa dawa kali kama siklofosfamidi na metotreksati. Dawa hizo hushambulia chembe zinazokua haraka, na mashina ya nywele ni miongoni mwa chembe hizo. Kwa kawaida nywele huanza kudondoka wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza. Uvimbe wakati huo huo unaweza kuwa umeanza kunywea, na hapo ndipo hatari ilipo. Mzazi anamwona mtoto hana uvimbe lakini hana nywele, anaamua kwamba ugonjwa umekwisha na sasa dawa ndiyo inayomuumiza, anampandisha kwenye kivuko na kurudi naye kijijini. Saratani iliyoachwa katikati ya tiba hurudi. Nywele nazo huota tena baada ya tiba kumalizika, mara nyingi ndani ya miezi michache.

Kuna pia kuwashwa. Waliokuwa watu wazima kabla ya mwaka 2001, klorokwini ilipoacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini, wanakumbuka. Ulikunywa vidonge jioni, usiku mwili mzima ukawa kama unachomwa sindano, na ngozi haikuwa na kipele hata kimoja. Wengi walikatiza dozi kwa sababu hiyo. Leo mtoto wa shule ya mwambao anayepewa prazikwanteli kwa ajili ya kichocho anaweza kusikia kichefuchefu, kizunguzungu, au kuwashwa. Kwa kawaida hupita ndani ya muda mfupi. Akitokwa na vipele vya kuvimba mwili mzima, akivimba midomo au akipumua kwa shida, hapo si suala la kusubiri, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Doa linalorudi palepale

Lipo tatizo moja la ngozi ambalo huvunja ndoa na kupeleka watu kwa waganga, na kumbe chanzo chake ni kidonge. Mtu anatokewa na doa la mviringo, jekundu au jeusi, wakati mwingine lenye lengelenge katikati. Linaweza kuwa mdomoni, mkononi, au sehemu za siri. Linapona na kuacha alama nyeusi kama sarafu. Baada ya miezi kadhaa linatokea tena, palepale. Mke anamshuku mume kwa ugonjwa wa zinaa, na mume anashuku amerogwa.

Madaktari wa ngozi hulifahamu doa hili vizuri. Ni mzio wa dawa ambao mwili huukumbuka mahali pamoja. Kila dawa hiyo inapomezwa, doa huamka, kwa kawaida ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili. Dawa zinazohusika mara nyingi ni zile zenye salfa, kama kotrimoksazoli tunayoiita septrini, pamoja na SP, na pia baadhi ya dawa za maumivu na antibayotiki. Mtu anameza septrini kwa ajili ya kuhara au kikohozi, anasahau, kisha anashangaa doa.

Dawa yake ni kumbukumbu. Ukitokewa na doa la namna hii, andika kila ulichomeza ndani ya siku tatu zilizopita, hata kidonge kimoja cha kichwa. Likirudi, linganisha. Ukishamjua mhalifu, jina lake liandikwe kwenye daftari lako la kliniki kwa herufi kubwa. Mjamzito mwenye mzio wa salfa aseme mapema kliniki kabla ya kupewa SP ya kujikinga na malaria. Anayetumia septrini kila siku kwa sababu ana virusi vya Ukimwi naye aseme, kwa sababu septrini na SP hazitakiwi kutumika pamoja.

Hii si ya kusubiri kesho

Kundi la tatu ni dogo lakini linaua. Baadhi ya dawa, kwa watu wachache, husababisha ngozi kufa na kubanduka kama ya mtu aliyeungua moto. Hali hii kitaalamu huitwa Stevens-Johnson, na ikienea mwilini hupewa jina jingine na huwa mbaya zaidi. Dawa zinazojulikana kuisababisha ni pamoja na septrini, SP, nevirapini, alopurinoli ya gauti, na dawa za kifafa za karbamazepini, fenitoini na fenobabito.

Mara nyingi huanza kati ya siku chache na wiki nne baada ya kuanza dawa mpya. Kwa dawa za kifafa inaweza kuchelewa hadi miezi miwili. Mwanzoni hufanana na mafua au malaria: homa, mwili kuuma, koo kuwasha. Hapo ndipo wengi hupotea njia, wanapima malaria, wanaongeza dawa nyingine, na ile yenye sumu kwao wanaendelea kuimeza.

Kwa hiyo kata ukurasa huu uuweke ukutani. Ikiwa wewe au mtoto wako mmeanza dawa mpya ndani ya miezi miwili, na ikatokea moja ya dalili hizi, nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku: vidonda mdomoni au midomo kuchubuka, macho kuwa mekundu na kuuma, ngozi kuuma ukiigusa, malengelenge au ngozi kubanduka, vidonda sehemu za siri, vipele vinavyoambatana na homa, kuvimba uso au ulimi, kupumua kwa shida. Beba dawa zote ulizokuwa ukitumia, na pakiti zake.

Hapa, na hapa tu, usimeze dozi nyingine kabla ya kuonana na mhudumu. Kwa mgonjwa wa kifafa kuna tahadhari ya ziada: dawa ya kifafa ikikatizwa, degedege linaweza kurudi kwa nguvu, kwa hiyo safari ya hospitali ni ya haraka zaidi ili apewe nyingine badala yake. Na aliyewahi kupona hali hii asipewe tena dawa ile maishani mwake.

Nywele husema kwa kuchelewa

Kwenye nywele, kosa letu kubwa ni la hesabu ya siku. Unywele hauanguki siku unapodhurika. Mwili ukipata mshtuko, iwe ni homa kali, kujifungua, upasuaji, kupungua uzito kwa haraka au dawa fulani, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha hudondoka miezi miwili hadi mitatu baadaye. Mtu hulaumu kitu alichokitumia juzi, na kisababishi kimeshapita.

Mfano ulio wazi ni wa mama aliyejifungua. Wakati wa ujauzito nywele zake zilijaa. Wiki ya sita baada ya kujifungua anapata sindano ya uzazi wa mpango au kuwekewa kijiti. Mwezi wa tatu au wa nne nywele zinabaki kwenye kitana. Anaamini ni sindano, anaacha, na kabla mtoto hajatembea ana mimba nyingine. Ni kweli kwamba njia za uzazi wa mpango zenye homoni huweza kuleta chunusi au kupunguza nywele kwa baadhi ya wanawake. Lakini nywele zinazodondoka miezi mitatu baada ya uzazi kwa kawaida ni za uzazi wenyewe, na huota tena ndani ya mwaka. Akienda kwa nesi ataweza kubadilishiwa njia ikiwa anataka. Akiacha kimya kimya, hana kinga.

Kwa mtoto, nywele zinazogeuka kuwa nyekundu-nyekundu, nyepesi na kunyonyoka kirahisi, huku miguu ikivimba na ngozi ikibanduka, si upungufu wa vitamini wa kutibiwa kwa chupa ya shira kutoka dukani. Ni dalili ya utapiamlo mkali, na mahali pake ni kituo cha afya, siku hiyo hiyo.

Na mapunye ya kichwani, yale mabaka yenye unga ambako nywele hukatika, hayaponi kwa krimu. Fangasi wameingia ndani ya shina la unywele, mahali krimu haifiki. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane au zaidi kadiri mtaalamu atakavyoelekeza. Wazazi wengi huiacha wiki ya pili baada ya kuwasha kupungua, halafu shule ikifunguliwa mtoto anarudi na mabaka yale yale.

Vya kupaka navyo ni dawa

Tumezoea kusema dawa ni ile inayomezwa. Nywele za watu wa Mwanza ziliwahi kuthibitisha vinginevyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wakiongozwa na Dkt Masazumi Harada wa Japani, daktari aliyetumia maisha yake kufuatilia sumu ya zebaki kule Minamata, walipima nywele za wachimbaji dhahabu 150, wavuvi na familia zao 103, na wakazi 19 wa jiji la Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999.

Mtu angetarajia zebaki nyingi iwe kwa wachimbaji, wanaoishika kwa mikono. Lakini waliokutwa na kiwango kikubwa sana hawakuwa wachimbaji pekee. Walikuwemo pia wavuvi na watu wa familia zao, na wakazi wa jiji. Wengi tungekimbilia kulaumu samaki. Watafiti walielekeza kidole kwenye sabuni za kuogea zenye zebaki, zile zilizotumika kung'arisha ngozi.

Zebaki hupita kwenye ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Kwa mjamzito, humfikia mtoto tumboni. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 unazuia utengenezaji na biashara ya vipodozi vya aina hiyo. Hata hivyo, mkorogo haujaondoka mitaani. Unachanganywa kwenye kopo lisilo na lebo, na anayeununua hajui ndani mna nini.

Kilichoongezeka kwenye mkorogo ni dawa halisi za hospitali: krimu za steroidi kama klobetasoli na betametasoni. Hizi ni dawa nzuri kwa pumu ya ngozi zikitumika kwa maelekezo, kwa siku chache. Zikipakwa usoni kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, chunusi hujaa, michirizi hutokea mapajani na kifuani, na kidonda kidogo hakiponi. Zikipakwa kwa mtoto mchanga, ambaye ngozi yake ni laini, huingia hadi kwenye damu na huweza kudumaza ukuaji wake. Zikipakwa juu ya fangasi, wekundu hupungua na mama hufurahi, huku fangasi wakitambaa kwa amani chini yake. Krimu za "tatu kwa moja" zinazouzwa kwa upele wowote wa mtoto mara nyingi zina steroidi ndani. Kabla ya kumpaka mtoto, muulize mfamasia swali moja: "Hii ina steroidi?"

Na hata hapa kanuni ni ile ile. Aliyepaka krimu hizi kwa miezi mingi asiache ghafla kwa aibu. Ngozi inaweza kuwaka na kuwasha vibaya, na mwili uliozoea steroidi unaweza kuishiwa nguvu. Aende kliniki ya ngozi apunguziwe taratibu. Mhudumu naye asimcheke.

Virutubisho si maji

Siku hizi vidonge vya "nywele, ngozi na kucha" vinauzwa mitandaoni, saluni, na ndani ya mabasi. Vingi vina bayotini. Upungufu wa bayotini ni nadra, na kwa mtu asiye na upungufu hakuna ushahidi mzuri kwamba vinaotesha nywele. Tatizo ni kwamba bayotini kwa wingi huweza kudanganya baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na vya moyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2017. Mgonjwa anaweza kuambiwa ana ugonjwa asiokuwa nao, au kukosa kuonekana alionao. Ukienda kupimwa damu, sema unachomeza.

Vitamini A nayo ina mpaka wake. Ikizidi mwilini, hukausha ngozi na midomo na kunyonyoa nywele zile zile ulizotaka zijae, na kwa mjamzito huweza kumlemaza mtoto tumboni. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita kwenye kampeni za afya. Hayo yanamtosha, haina haja ya kumwongezea vidonge. Anayetaka zaidi apike viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Vitamini itokanayo na viazi, karoti na mboga mwili huitengeneza kwa kadiri unavyohitaji. Mtoto akivila sana, viganja vinaweza kuwa na umanjano kidogo ilhali macho ni meupe, na hilo halina madhara. Macho yakiwa ya manjano, ni ini, nenda hospitali.

Nywele za wanawake wengi hupungua kwa kukosa madini ya chuma, kutokana na hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, minyoo au kichocho. Kipimo cha wingi wa damu ni cha bei ndogo kuliko kopo moja la vidonge vya urembo. Dagaa wetu wa ziwani, maharage na mboga za majani ndivyo vya kuanzia.

Dawa na jua

Neno moja kwa familia zenye watu wenye ualbino, walio wengi katika Kanda ya Ziwa, kuanzia Ukerewe hadi Geita. Zipo dawa zinazoifanya ngozi ishambuliwe zaidi na jua: doksisaiklini, septrini, na haidroklorothayazidi ya shinikizo la damu. Hiyo ya mwisho imehusishwa pia na baadhi ya saratani za ngozi ikitumika kwa muda mrefu, na mwaka 2018 wadhibiti wa dawa wa Ulaya waliwatahadharisha madaktari. Mwenye ualbino anapoandikiwa dawa yoyote, aulize: "Hii inagombana na jua?" Mara nyingi ipo mbadala. Pale isipokuwepo, kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama Kilisun yaliyoanzishwa KCMC Moshi, vizingatiwe mara mbili zaidi.

Nani aseme?

Tumewaambia wagonjwa waulize. Lakini haki ni kwamba waambiwe kabla ya kuuliza. Mhudumu anayempa mama haidroksiurea bila kumwambia kwamba kucha zinaweza kuwa nyeusi amempa nusu ya tiba. Sentensi moja, kwa Kiswahili au Kisukuma, ingetosha: "Mama, ukiona kucha zimebadilika usiogope, njoo uniambie. Ukiona vidonda mdomoni, njoo leo hiyo hiyo." Tunajua foleni ni ndefu na wahudumu ni wachache. Lakini muda wa kusema sentensi hiyo ni mfupi kuliko wa kumlaza mtoto upya.

Wenye maduka ya dawa wana sehemu yao. Krimu ya steroidi haipaswi kukaa rafu moja na mafuta ya kujipaka, wala septrini kuuzwa kwa hesabu ya vidonge viwili viwili bila kumuuliza mteja kama ina mzio naye.

Na kila dhara la ngozi linalodhaniwa kutokana na dawa liripotiwe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina ofisi ya kanda hapa Mwanza, na vituo vya afya vinatakiwa kuwa na fomu za njano kwa kazi hiyo. Ripoti hizi zina kazi. Mwaka 1991 watafiti wa Nairobi walieleza jinsi thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu iliyotumika sana wakati huo, ilivyokuwa ikiwabandua ngozi wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi. Kutokana na taarifa za aina hiyo, Shirika la Afya Duniani lilishauri wagonjwa hao wasipewe, na nchi zikabadilisha matibabu. Hilo liliwezekana kwa sababu kuna aliyeona ngozi ya mgonjwa, akaandika, na hakunyamaza.

Turudi kwa mama wa Buhongwa. Kliniki ijayo achukue mfuko mmoja na kutia ndani kila kitu: haidroksiurea iliyokuwa juu ya kabati, shira ya vitamini, mizizi aliyotumiwa na bibi, krimu ya upele, hata mafuta ya nywele. Avimwage mezani kwa daktari na kusema ukweli kwamba dawa aliiacha, na kwa nini. Daktari amsikilize hadi mwisho, ampime mtoto damu, kisha aangalie zile kucha na kumweleza alichopaswa kumweleza siku ya kwanza.